Mnara Umebaki, Shimo Limezama

Mjini Bochum, magharibi mwa Ujerumani, umesimama mnara mkubwa wa chuma wenye rangi ya kijani, wa aina ile iliyofungwa magurudumu kileleni ili kamba za waya ziteremshe watu na kupandisha makaa ya mawe. Mgeni akiuona kwa mbali atadhani amefika mgodini. Hajafika. Mnara huo ulikuwa wa mgodi wa Germania, katika mji jirani wa Dortmund. Mgodi ulipofungwa, mnara ulifunguliwa kipande kwa kipande, ukahamishwa, na mwaka 1973 ukasimikwa upya juu ya jengo la makumbusho. Chini yake kuna mahandaki yenye reli, mashine na nguzo, kina chake kama mita 20 hivi, lakini humo hakujawahi kuchimbwa hata ndoo moja ya makaa. Yalijengwa ili watu waone mgodi ulivyokuwa.

Makumbusho hayo yamefanya kazi ya heshima tangu mwaka 1930, wala siyalaumu. Nimeanza nayo kwa sababu yanaweka peupe jambo ambalo kwingineko limejificha. Tunaposema tumehifadhi mgodi wa makaa ya mawe, karibu kila mara tumehifadhi kile kilichokuwa juu ya ardhi. Mgodi wenyewe, zile kilomita za njia za giza ambamo watu waliinama, walitambaa, walikohoa na wengine wakafia humo, haupo tena. Na kwa kuwa haupo, kinachoweza kubeba ukweli wake ni watu walioshuka: majina yao, sauti zao, vitabu vya mishahara yao, makaburi yao. Hicho ndicho ninachokiona kikiachwa nyuma. Chuma na matofali hupata fedha kwanza, watu hufuata baadaye, na mara nyingi wanapofikiwa muda umeshapita.

Anayeamua haya yote ni maji. Ngome ya kale ukiitelekeza kwa miaka mia itapukutika pole pole, na kizazi kijacho kitakuta walau kuta. Mgodi wa kina haukupi nafasi hiyo. Ukichimba chini ya usawa wa maji ya ardhini, maji huingia usiku na mchana, na pampu hulazimika kufanya kazi usiku na mchana, hata siku za sikukuu, hata siku wachimbaji wanapogoma. Pampu zikizimwa, maji huanza kupanda. Nguzo za miti huoza, mwamba wa juu hushuka, na gesi ya methani hukusanyika kwa kuwa hakuna tena feni ya kuifukuza. Baada ya miaka michache hakuna pa kurudi. Kwa hiyo uamuzi mkubwa kuliko wote kuhusu urithi wa mgodi hufanyika siku ya kuzima pampu, na siku hiyo mezani huwa kuna hesabu za gharama tu. Watu wa historia huitwa baadaye, wakati wa kujadili mnara.

Bonde la Ruhr, ambako Bochum ipo, linaonyesha ukubwa wa jambo hili. Baada ya makaa kutolewa kwa karne mbili, ardhi imedidimia, sehemu nyingine kwa zaidi ya mita 20. Pampu zingezimwa, maeneo makubwa wanamoishi watu yangegeuka maziwa. Mgodi wa mwisho wa makaa magumu nchini Ujerumani, Prosper-Haniel ulioko Bottrop, ulifungwa tarehe 21 Desemba 2018, lakini maji bado yanavutwa na yataendelea kuvutwa. Mwaka 2007 iliundwa taasisi maalumu, RAG-Stiftung, ili kugharamia kazi ambazo Wajerumani wenyewe wanaziita za milele. Ajabu yake ni kwamba pampu hizo hazilindi mahandaki. Zinalinda nyumba zilizo juu na maji ya kunywa. Kina kile ambako wachimbaji walipitisha maisha yao kimeachiwa maji yapande hadi kiwango kilichopangwa.

Huko Blegny, mashariki mwa Ubelgiji, mgodi ulishuka zaidi ya mita 500. Leo mgeni hushushwa mita 30, kisha 60. Ngazi za chini zimejaa maji tangu uchimbaji uishe mwaka 1980. Lewarde, kaskazini mwa Ufaransa, mahandaki ambayo wageni hupitishwa ni ya kuigiza. Sioni aibu katika hilo, ilmradi mgeni aambiwe.

Mahali pachache pamebahatika. Big Pit, katika mji wa Blaenavon kusini mwa Wales, uko kwenye mteremko wa mlima, na maji yake yana njia ya kutokea kupitia handaki la kale. Ulifungwa Februari 1980, na mwaka 1983 ukafunguliwa kwa wageni. Hapo mtu hushuka kweli, mita 90, ndani ya kizimba kilekile cha chuma kilichowabeba wachimbaji. Kabla ya kushuka husalimisha saa, simu, kiberiti na chochote chenye betri, kwa kuwa sheria za usalama wa migodi bado zinatumika humo. Hufungwa mkanda wenye betri ya taa ya kofia na kifaa cha kupumulia hatari ikizuka. Anayemwongoza ni mtu aliyewahi kuchimba.

Nadhani siri ya Big Pit iko kwa huyo mwongozaji kuliko kwenye kizimba. Kuna mahali, katikati ya safari, huwaambia wageni wazime taa zote. Katika giza hilo huwaeleza habari za watoto waliokaa peke yao karibu na milango ya kuzuia hewa, kazi yao ikiwa ni kuvuta kamba mlango ufunguke mabehewa yapite. Sheria ya mwaka 1842 ndiyo iliyokataza wanawake wote, na wavulana wa chini ya miaka 10, kufanya kazi chini ya ardhi nchini Uingereza. Ukisoma tarehe hiyo kwenye bango ni tarehe tu. Ukiisikia gizani, kutoka kwa mtu ambaye baba na babu yake walishuka shimo hilohilo, unaielewa kwa ngozi. Lakini mgodi wa mwisho wa kina nchini Uingereza, Kellingley, ulifungwa Desemba 2015. Kijana aliyeanza kazi na miaka 16 mwaka 1975 sasa amepita umri wa kustaafu. Baada ya kizazi hiki, wa kuzima taa atakuwepo, lakini atakuwa anasimulia aliyosimuliwa.

Uhifadhi huu wa majengo ulianzaje? Kwa sehemu kubwa ulianza kwa uzuri. Mgodi wa Zollern, Dortmund, ulijengwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa fahari ya wenye kampuni: jumba la mashine lenye mlango wa vioo vya rangi, ukumbi unaofanana na wa ikulu. Makaa yalipoisha thamani, jumba hilo lilipangiwa kubomolewa. Mwaka 1969 wasanii na watu wa majengo, miongoni mwao wapiga picha Bernd na Hilla Becher, walipinga, na likanusurika. Lilikuwa la kwanza la aina yake kulindwa nchini humo, na tangu hapo wazo la kwamba kiwanda kinaweza kuwa urithi kama kanisa au kasri likaanza kukubalika. Ushindi huo nauheshimu. Lakini sikiliza kwa makini hoja iliyoushinda ubomoaji: jumba lile ni zuri. Lililookolewa kwanza ndilo ambalo mwenye mali alilijenga ili avutie macho.

Kisha ikaja Zollverein, Essen, ambayo leo ndiyo sura ya migodi iliyohifadhiwa duniani. Makaa yalianza kutolewa hapo mwaka 1851. Shimo la 12, lililoanza kazi mwaka 1932, lilichorwa na Fritz Schupp na Martin Kremmer kwa mistari iliyonyooka na matofali mekundu, pamoja na mnara wenye urefu wa mita 55, na mgodi huo ukaitwa mzuri kuliko yote. Lilipandisha tani 12,000 kwa siku. Mgodi ulifungwa tarehe 23 Desemba 1986, na serikali ya jimbo ililinunua eneo hilo na kulilinda badala ya kuuza chuma chake. Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia. Jengo la kuoshea makaa likawa makumbusho ya bonde zima, jumba la mitambo ya mvuke likawa la maonyesho ya usanifu wa bidhaa, na kaskazini mwa Essen, ambako ajira zilikuwa zimetoweka, pakawa na sababu ya watu kufika.

Sasa tazama jambo moja dogo. Shimo la 12 lilijengwa kwa ajili ya kupandisha makaa. Wachimbaji hawakushukia hapo, walishukia mashimo mengine ya mgodi huohuo. Mnara unaochapishwa kwenye kadi na mabango, ambao watu wa Ruhr huutaja kama alama ya jasho la babu zao, ulikuwa mlango wa mzigo. Mlango wa watu ulikuwa kwingine, kwenye majengo ya kawaida yasiyopigwa picha sana. Mojawapo ni bafu la wachimbaji, ambako nguo za kila mtu zilivutwa juu darini kwa mnyororo na kulabu ili zikauke huku mwenyewe yuko chini. Bafu hilo limekuwa ukumbi wa ngoma na maonyesho ya jukwaani. Limeendelea kuishi, na hilo ni jema. Lakini ningependa mgeni apelekwe hapo kwanza, mnara uje baadaye. Mnyororo ulioachwa bila nguo jioni ulikuwa na maana moja, na minyororo ambayo nguo zake hazikushushwa ilikuwa na maana nyingine.

Najua jibu la wanaosimamia maeneo haya. Mgeni hutoka nyumbani kwake kuja kuona kitu kikubwa. Jengo lisipookolewa, hayo majina yangeandikwa wapi? Jibu hilo lina uzito. Pasipo paa hakuna maktaba, na pasipo wageni hakuna mishahara ya wanaorekodi sauti za wazee. Ninachopinga ni mpangilio. Jengo linaweza kusubiri miaka kumi likiwa na turubai juu yake. Mzee mwenye vumbi la makaa kwenye mapafu hawezi.

Mpangilio ninaouona sahihi uko Marcinelle, kusini mwa Ubelgiji, kwenye mgodi wa Bois du Cazier. Ili uuelewe lazima urudi mwaka 1946. Ubelgiji ilikuwa na makaa lakini Wabelgiji hawakutaka tena kushuka. Italia ilikuwa na watu wasio na kazi na haikuwa na makaa. Nchi hizo mbili zilitia saini mkataba: Italia ingepeleka wafanyakazi 50,000, na Ubelgiji ingeiuzia makaa kulingana na idadi yao. Katika vijiji vya Italia yalibandikwa mabango ya waridi yaliyotaja mshahara na likizo, na hayakusema lolote kuhusu kina wala vumbi. Wengi walipofika walilazwa kwenye mabanda yaliyowahi kuwa kambi za mateka wa vita.

Asubuhi ya tarehe 8 Agosti 1956, saa mbili na dakika kumi, kwenye ngazi ya mita 975, behewa lilikuwa limeingia vibaya kwenye kizimba. Kizimba kilipoanza kupanda, behewa lililojitokeza nje liligonga boriti, likakata bomba la mafuta, nyaya za umeme na bomba la hewa iliyoshindiliwa. Mafuta, cheche na hewa vikakutana. Moto ukashika shimo ambalo lilikuwa njia ya hewa kwa mgodi mzima. Wanawake walisimama nje, wameshika nondo za geti, siku baada ya siku. Tarehe 23 Agosti waokoaji walipofika ngazi za chini kabisa, mmoja alipanda na maneno mawili ya Kiitaliano: tutti cadaveri, wote maiti. Watu 262 walikufa, wa mataifa 12. Waitaliano walikuwa 136, Wabelgiji 95. Kesi iliyofuata ilimtia hatiani mtu mmoja tu, kwa kifungo ambacho hakukitumikia.

Mgodi uliendelea na kazi hadi mwaka 1967. Baadaye palibaki magofu. Waliopigania pahifadhiwe ni wachimbaji wa zamani na familia za marehemu, na hilo ndilo lililopaweka tofauti na Zollern. Hakuna aliyedai ni pazuri. Walidai kwamba hapo ndipo walipofia. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 2002, na mwaka 2012 UNESCO iliuorodhesha mgodi huo pamoja na maeneo mengine matatu ya Wallonia, sehemu ya kusini ya Ubelgiji. Geti lile limebaki. Picha za waliokufa ziko ukutani, sura moja moja, jina moja moja. Na kila tarehe 8 Agosti, saa mbili na dakika kumi, kengele hugongwa mara 262 huku majina yakisomwa. Majengo ya Bois du Cazier ni ya kawaida mno ukiyalinganisha na Zollverein. Lakini hakuna anayetoka hapo akikumbuka matofali.

Mahali ambapo majina yanaachwa nyuma, mgogoro hauishi. Kisiwa cha Hashima, karibu na Nagasaki, ni mwamba mdogo wa hekta zipatazo 6 ambao kampuni ya Mitsubishi iliununua mwaka 1890. Mahandaki yalikwenda chini ya bahari. Juu yake palijengwa ghorofa za zege, ya kwanza mwaka 1916, na mwaka 1959 watu 5,259 waliishi wamebanana hapo, wengi kuliko karibu mahali popote duniani kwa ukubwa ule wa ardhi. Mgodi ulifungwa Januari 1974 na kufikia Aprili kisiwa kilikuwa kitupu. Picha za ghorofa zile zilizoliwa na chumvi ya bahari zimezunguka dunia nzima.

Japani ilipoomba kisiwa hicho kiingie kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2015, pamoja na maeneo mengine ya mapinduzi yake ya viwanda, Korea Kusini ilipinga. Sababu ilikuwa Wakorea waliopelekwa kufanya kazi humo wakati wa vita. Japani ilikiri mbele ya kamati kwamba watu wengi kutoka Korea na kwingineko waliletwa bila ridhaa yao na kulazimishwa kufanya kazi katika hali ngumu, ikaahidi kituo cha kuwakumbuka. Kituo kilifunguliwa mwaka 2020, Tokyo, mamia ya kilomita kutoka kisiwani, na kilitoa nafasi kubwa kwa wakazi wa zamani waliosema hapakuwa na ubaguzi. Julai 2021 kamati ya UNESCO ilieleza kwa maneno makali masikitiko yake kwamba ahadi haikutimizwa.

Siwaiti waongo wale wakazi wa zamani. Mtoto aliyesoma shule kisiwani miaka ya 1950 anakumbuka mama yake, michezo juu ya dari, filamu za jioni. Kumbukumbu yake ni ya kweli. Ila haiwezi kutolea ushahidi yaliyompata kijana wa Kikorea mwaka 1944, mamia ya mita chini ya bahari, mwenye njaa. Ukichukua sauti moja ukaiweka juu ya nyingine umetunza jengo na umezika shahidi. Na kwa kuwa mahandaki ya Hashima yako chini ya maji, hakuna mtu atakayeshuka kuangalia nani alisema kweli. Ushahidi uliobaki ni karatasi na midomo.

Sawahlunto, magharibi mwa kisiwa cha Sumatra nchini Indonesia, swali hilo limekabiliwa kwa ujasiri zaidi. Waholanzi waligundua makaa ya Ombilin katika miaka ya 1860, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 uchimbaji ukaanza, pamoja na reli ya kupita milimani hadi bandari ya Padang. Waliochimba katika miaka ya mwanzo walikuwa wafungwa walioletwa kutoka magereza ya Java na visiwa vingine, wakiwa na minyororo. Wenyeji waliwaita orang rantai, watu wa minyororo. Waliokufa walizikwa, na juu ya makaburi mengi hakuna jina. Kuna namba.

Mji huo ungeweza kuanza na reli, ambayo kweli ni kazi kubwa ya uhandisi. Badala yake, katika mambo ya kwanza yaliyofunguliwa kwa wageni, mwaka 2007, limo handaki la Mbah Soero, lililopewa jina la msimamizi wa wafungwa ambaye watu bado wanamsimulia. Ni kipande kifupi tu kinachopitika. Jirani yake limehifadhiwa jiko kuu la mgodi lililojengwa mwaka 1918, lenye masufuria makubwa yaliyochemshwa kwa mvuke ili kulisha maelfu kwa siku. Nalipenda wazo la kuhifadhi jiko. Sufuria inakuambia watu walikuwa wangapi na walipewa nini, jambo ambalo mnara hauwezi kukuambia. UNESCO iliuorodhesha Ombilin mwaka 2019, na habari za watu wa minyororo hazikufichwa kwenye maelezo. Lakini zile namba bado ni namba. Utawala wa kikoloni uliandika kila kitu, na orodha ya wafungwa ni karatasi kama nyingine. Kazi ya kuoanisha namba na majina ni ya watu wachache wenye subira, na gharama yake hailingani na kupaka rangi mnara mmoja.

Enugu, kusini mashariki mwa Nigeria, mambo hayajafika hata hapo. Makaa yaligunduliwa mwaka 1909, reli ya kuyashusha hadi Port Harcourt ikajengwa, na mji wenyewe ukazaliwa na mgodi. Tarehe 18 Novemba 1949, kwenye mgodi wa Iva Valley, wachimbaji waliokuwa wakidai malimbikizo ya mishahara walikuwa wamepunguza kasi ya kazi. Serikali ya kikoloni iliogopa kwamba baruti za mgodini zingeangukia mikononi mwa waasi, ikatuma polisi kuziondoa. Polisi walipiga risasi. Wachimbaji 21 walikufa na zaidi ya 50 walijeruhiwa, bila kuwa na silaha. Wanahistoria wa Nigeria wanaihesabu siku hiyo miongoni mwa zilizoharakisha uhuru wa mwaka 1960.

Migodi ya Enugu haina mashimo marefu ya wima. Watu waliingia kwa miguu ubavuni mwa kilima, kama wanavyoingia pangoni, na leo maji yenye asidi yanatoka kwenye midomo hiyo na kuingia mitoni. Reli za mabehewa na mashine vimeharibika. Kwa umbo la ardhi, pana fursa ambayo Ruhr haikuwa nayo: mlango uko usawa wa macho, mtu anaweza kusimama mbele yake. Serikali inaposikia neno makumbusho huwaza jumba, na jumba huhitaji bajeti, basi jambo husubiri. Nisingesubiri. Ningeanza na meza mbili na vinasa sauti. Waliofanya kazi katika shirika la makaa hadi lilipodorora wapo, na watoto wa waliokuwa Iva Valley mwaka 1949 sasa ni wazee. Vitabu vya mishahara, kumbukumbu za vyama vya wafanyakazi, ripoti ya tume iliyochunguza mauaji yale, vyote vikusanywe mahali pamoja pasipovuja mvua. Mlango wa mgodi uzungushiwe uzio na uwekewe bamba lenye majina 21. Maji yatibiwe, kwa sababu wanaoishi chini ya kilima wanayahitaji safi kuliko wanavyohitaji historia. Jumba, kama litakuja, litakuta kitu cha kuweka ndani.

Na kuna migodi ambayo haifai kufunguliwa hata fedha zikiwepo. Tarehe 6 Juni 1972, milipuko kwenye mgodi namba 2 wa Wankie, Zimbabwe ya leo, mji ambao sasa unaitwa Hwange, iliua watu zaidi ya 420. Gesi ilikuwa nyingi mno kwa waokoaji. Ilitolewa miili michache sana, kisha mgodi ukafungwa na waliobaki wakaachwa ndani. Hapo chini ni makaburi. Uhifadhi wa mahali kama hapo hauna kizimba, hauna taa za kofia, hauna safari ya mita 90. Una orodha ya majina na makao ya kila mmoja, kwa kuwa walitoka Malawi, Zambia na kwingineko, na familia nyingi zilipata habari kutoka mbali.

Marcinelle nako kulikuwa na ambao hawakutambuliwa. Miili kadhaa ilizikwa mwaka 1956 kwenye makaburi ya mji ikiwa imeandikwa kwamba haijulikani, kwa kuwa moto na maji vilikuwa vimefuta kila alama. Katika miaka ya karibuni, kwa ombi la familia, wataalamu wa Ubelgiji wa kutambua maiti walifukua mabaki hayo na kuyalinganisha vinasaba na vya ndugu walio hai. Baadhi wamepata majina yao, zaidi ya miaka 60 baada ya moto. Wapo waliopelekewa habari hizo ambao mwaka 1956 walikuwa watoto wadogo, wameshikwa mkono na mama zao mbele ya geti.